Injinia na Meli Isiyokunywa Mafuta

Kabla ya kuwasha injini yoyote, Injinia aliiwekea kiganja ubavuni, kama mama anavyompima mtoto homa. Alifanya hivyo hata kwa injini iliyolala siku nzima. Kisha aliinama akanusa dizeli kwenye tangi, akaangalia nyuma yake, akaangalia angani, ndipo akapiga bismillahi na kuzungusha mkono wa kuiwashia. Mimi nilikuwa nesi wa kituo cha afya cha Garsen, na jenereta yetu ilikuwa chini ya uangalizi wake. Wagonjwa waliokaa benchini walimtazama wakachekeana. Mimi sikucheka, kwa sababu nami nilikuwa mtu wa kuogopa na nilimtambua mwenzangu.

Garsen nzima ilimwita Injinia, wazee kwa watoto, nami sina haja ya kumpa jina jingine. Alikuwa mtu wa visiwani, vile visiwa vidogo vya kusini ambavyo ni nchi yenye bendera yake na bandari za kuhesabu kwa vidole. Miaka mingi ilimpita ndani ya vyumba vya injini vya meli za mizigo, mpaka alipooa Kipini na kukataa kurudi baharini. Ndipo akaajiriwa kutunza majenereta na mashine za maji za upande wetu. Kiswahili chake kilikuwa cha Kipini, jirani ya Lamu: nchi kwake ilikuwa nti, na njia ilikuwa ndia. Vijana wa stendi waliokuwa wakizungumza Sheng yao ya mitaani walipenda kumwiga, naye aliwaacha. Alikuwa na mambo mengine ya kumkosesha usingizi.

Alikuwa na akiba ya kila kitu. Mikanda, nati, vipande vya mpira, koki za zamani, vyote vilining'inia ukutani kwa mpangilio wake. Mkewe, Bi Zena, aliwahi kuniambia kwamba hata chai Injinia aliimimina vikombe viwili, kimoja cha kunywa na kimoja cha ikitokea. Nyumbani kwao ziliwashwa taa mbili za mafuta kando kwa kando, na moja haikuwa na kazi ila kungoja nyingine izime. Kama angeweza kufika mahali kwa miguu, hakupanda chombo. Mtu aliyeishi juu ya maji nusu ya umri wake alivuka mto akiwa amefumba macho.

Nilimwuliza mara moja kwa nini haoni aibu kuogopa mbele za watu. Alinijibu kwamba hofu ni kama ile saa ya kupimia joto la injini: ikivunjika, injini haipoi, ila wewe hujui tena inachemka.

Pamoja na hofu yote hiyo, mtu huyu alikuwa na wazo moja kubwa lililomkaa kichwani tangu ujanani. Alitaka kujua kama nchi ndogo za visiwani zingeweza kuwa na meli zinazokwenda kwa nguvu za nyuklia.

Alinieleza asili ya jambo hilo kidogo kidogo, kwa miaka, tukiwa tumekaa nje ya chumba cha jenereta tukingoja ipoe. Alipokuwa kijana, meli yake ilitia nanga katika bandari ya ng'ambo siku ambayo meli ya namna hiyo, ya Wamarekani, ilikuwa imefunguliwa watu waitazame. Alipanga foleni pamoja na wanafunzi na akina mama wa mji ule. Ndani alionyeshwa, kupitia kioo kinene, chumba cha mitambo. Sakafu ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na mtu aliyepakaa grisi. Kilichomshangaza zaidi, alisema, ni kwamba hapakuwa na harufu. Alirudi kwenye meli yake, akashuka kwenye moshi na joto na kelele, akahisi kama mtu aliyechungulia chumba cha harusi kisha akarudishwa jikoni.

“Ile meli hula mara moja,” aliniambia, “ikakaa miaka haiombi. Sisi kwetu huomba kila mwezi.”

Hapo ndipo liliposimama jambo lake. Visiwa vyao viliishi kwa mafuta yanayoletwa na meli, na meli hizo zenyewe zilikuwa zinakunywa mafuta. Mwaka mmoja meli ya mafuta ilichelewa. Barafu ya wavuvi iliyeyuka, samaki wakaoza ufuoni, na hospitali ikafunga chumba cha upasuaji. Dada yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wakingoja kupasuliwa. Injinia wakati huo alikuwa mbali, ndani ya meli iliyochoma mafuta mchana kutwa kupeleka saruji kwa watu asiowajua. Hakuniambia dada yake aliishia wapi, nami sikuuliza. Aliinuka tu, akaenda kuigusa jenereta kuona kama imepoa.

Sasa utadhani mtu wa namna hiyo alikuwa mhubiri wa meli yake. Hapana. Akimpata mtu anayeisifu, aliipinga. Akimpata anayeipinga, aliitetea. Mwalimu mkuu wa sekondari alimwalika azungumze na wanafunzi, akitumaini watapenda masomo ya sayansi. Kwa nusu saa Injinia aliwaeleza jinsi kinu cha nyuklia kinavyochemsha maji, mvuke ukazungusha rafadha inayoisukuma meli, na jinsi meli moja kama hiyo ingeweza kupita kisiwa hadi kisiwa na mizigo, na ikifunga gati iwapelekee watu umeme. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kumkubali kabisa. Msichana mmoja akainua mkono akauliza, je, ikizama?

Mwalimu mkuu alitaka kulipita swali hilo. Injinia alilishikilia. Alisema mataifa makubwa yana vyombo vya kivita vya aina hiyo vilivyozama na vimelala chini ya bahari mpaka leo, na kwamba mataifa hayo yana pwani nyingine za kuvua samaki. Kisiwa hakina pwani nyingine. Aliwaeleza pia kwamba Wajapani walipojenga meli yao ya biashara ya nyuklia ikaleta hitilafu katika safari ya kwanza, wavuvi wao wenyewe waliizuia isirudi bandarini. “Wajapani wana bandari ngapi?” aliwauliza. “Walitafuta nyingine. Nti yenye mlango mmoja ingeipeleka wapi?” Kikao kiliisha watoto wakiwa na hofu zaidi kuliko walivyoingia, na mwalimu mkuu hakumwalika tena.

Wale watoto walirudi majumbani na habari, na habari haikufika nzima. Wiki ile ilivuma Garsen yote kwamba Injinia analeta meli ya bomu katika mlango wa mto Tana, pale Kipini, na maji ya mto yatageuka sumu mpaka malishoni. Wazee wa Kiorma, wafugaji, walikuja kituoni wakiwa na fimbo zao, wakamkuta anafunga mkanda wa jenereta. Aliyewaongoza alisema taratibu, kwa Kiswahili chao:

“Injinia, sisi nasikia wewe naleta moto ndani ya maji. Ng'ombe yetu nakunywa maji hii. Wewe nasema nini?”

Mtu mwingine angewacheka. Injinia alinawa mikono, akawatafutia mahali pa kukaa, akawaambia hakuna meli yoyote inayokuja, na kwamba lilikuwa wazo la kichwani mwake tu. Kisha, badala ya kuliacha hapo, akaongeza kwamba meli hiyo ingekuwa inakuja kweli, wao wangekuwa na haki ya kuuliza hayo hayo, tena kabla ya serikali kuulizwa. Wazee waliondoka wakiwa wametulia nusu. Yeye hakutulia kabisa. Jioni ile alinieleza kwamba katika vyumba vyote alivyosikia meli za nyuklia zikizungumzwa, hajapata kuona mtu mwenye ng'ombe ameketi.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba ikaja ile mvua ambayo watu waliiita Elinino. Mto ulivimba kutoka juu, ukapita kingo, ukaendelea kutembea. Barabara ya Malindi ilikatika, ya Hola ikakatika, na ya kwenda Witu ikawa ziwa. Mashamba ya migomba ya Wapokomo yalibaki vilele. Nyoka walihamia mapaani. Kila asubuhi nilitoka kutazama kijiti alichochomeka Injinia kando ya uzio wa kituo, na kila asubuhi maji yalikuwa yamekipanda. Ndani nilikuwa na friji ya chanjo na dawa ya sumu ya nyoka, jenereta ya kuiendesha, na dizeli iliyokuwa ikishuka ndani ya pipa.

“Sasa nyote ni watu wa kisiwa,” Injinia alituambia. Hakulisema kwa furaha.

Boti za msaada zilipita, zikaenda kule kulikozidiwa zaidi. Injinia hakuzingoja. Alifungua injini ya dizeli ya pampu ya maji iliyokwama, akaifunga ndani ya mashua ya Komora, Mpokomo aliyeujua mto ule kwa kila kona. Alifanya kazi hiyo akilalamika muda wote. Alisema bomba la kupozea ni jembamba, chujio lake ni dogo, na kwamba injini ya shambani haipendi kuyumba. Kila alichokiogopa alikisema kwa sauti, na Komora, mtu mcheshi, alikuwa akiitikia “amina” baada ya kila hofu.

Kisha akaletwa Hawo. Alikuwa mke wa kijana wa Kiorma aitwaye Guyo, na uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi yake wakiwa wamekwama na mifugo juu ya kiinuko cha nchi kavu. Nilimpima. Mtoto alikuwa amelala vibaya, na asingetoka bila upasuaji. Niliweka kisikilizio tumboni nikasikia moyo wa mtoto, hafifu lakini upo. Daktari wa kupasua alikuwa hospitalini upande wa Ngao, huko mto unakoteremkia.

Dizeli iliyobaki ingetosha ama mashua ama friji. Nilimweleza Injinia hivyo hivyo. Aliingia akatazama pipa, akatoka, akaingia tena. Aliniambia kwamba kwenda tutasaidiwa na mkondo, kwa hiyo kufika tutafika; kurudi hajui. Kisha akaniuliza ni nani ataumwa na nyoka wakati friji imezima. Nikamwambia simjui. Akasema, “Huyu tunamjua.” Tukapakia dizeli mashuani.

Tuliondoka asubuhi. Komora alishika usukani, Injinia alikaa na injini yake, Guyo alimpakata mkewe kichwa, nami nilikuwa magotini kando yao. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda kasi, yamebeba miti mizima na mizoga ya ng'ombe iliyovimba. Guyo aliitazama ile mizoga kisha akaacha kuitazama. Kwa muda injini ilikwenda vizuri, na nakumbuka nilianza kupumua.

Tulipopita mahali ambapo mto ulikuwa umemwagikia nyasi ndefu, Injinia aliweka kiganja chake kwenye injini akakitoa haraka. Mvuke ulianza kutoka. Chujio lilikuwa limeziba, maji ya kupozea hayaingii. Akazima.

Ukimya ule sijausahau. Ghafla tukasikia maji tu, na Hawo. Mashua ilianza kuzunguka, Komora akakimbilia pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, kuizuia isiingie vichakani. Guyo aliinuka nusu.

“Washa,” alisema. “Mke yangu nakufa.”

“Nikiwasha sasa itajikaza, haitawaka tena yeo wala kesho,” Injinia alimjibu. “Ngoja ipoe.”

“Iende hivyo hivyo. Naona hospitali iko karibu.”

“Haiko karibu, mwanangu.”

Injinia aliinamia injini. Alifungua chujio akaanza kutoa nyasi kwa kucha, nati ikamponyoka ikagonga ubao, akaitafuta kwa kupapasa, midomo ikitaja hofu zake moja moja kama kawaida yake. Safari hii Komora hakuitikia. Niliweka sikio. Moyo wa mtoto ulikuwa unasikika kwa mbali. Sijui tulikaa pale kwa muda gani. Kila nilipotazama injini niliona Injinia ameiwekea mkono na anatikisa kichwa: bado. Guyo alikuwa analia bila kujificha. Hatimaye Injinia aliuacha mkono wake pale pale bila kuutoa, akanitazama, akapiga bismillahi, na injini ikawaka.

Tulifika. Hawo alipasuliwa na akapona. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Nilimwuliza daktari kama kule kusimama ndiko kulikomuua. Alisema hakuna mtu anayeweza kulijua hilo. Uchungu ulikuwa wa muda mrefu mno kabla hajaletwa kwangu. Nilitoka nikamweleza Injinia maneno hayo kama yalivyo. Guyo alikuwa amesimama hapo, akasikia. Hakupiga kelele. Alimwambia Injinia, “Ungeacha iende,” akaingia kumwona mkewe.

Injinia hakujitetea. Angeweza. Injini ingejikaza, tungekwama kwenye nyasi zile, na pengine Hawo naye tungemzika. Mimi nilimwambia hivyo mara nyingi, na Komora alimwambia. Alitujibu kwamba hilo analijua, na kwamba kulijua hakumsaidii. Tulirudi Garsen baadaye kwa boti ya msaada. Friji ilikuwa imezima na chanjo zimeharibika. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekuwa ameletwa na sumu ya nyoka.

Baada ya mafuriko hakuitaja tena meli yake. Tulikaa nje ya chumba cha jenereta kama zamani, akazungumza habari za bei ya samaki na maradhi ya migomba. Niliyatamani yale mabishano yake ya kujipinga mwenyewe. Guyo alipopita mjini na ng'ombe wachache waliombakia, Injinia alisimama kumsalimu, na Guyo aliitikia salamu akiwa anatazama ng'ombe. Mwaka mmoja hivi ukapita, Injinia akaacha kazi, akahamia Kipini kwa mkewe.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Nilikuwa nimepelekwa kuchanja watoto Kipini, na kazi ilipokwisha mchana nikauliza nyumba yake. Bi Zena alinipokea mlangoni kwa kunong'ona.

“Afadhali umekuja, Sista. Huyu hali wala halali.”

Alikuwa amekaa barazani, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia mpya, na viatu. Nilidhani anakwenda harusini. Alifurahi kuniona, akanikalisha, kisha akanieleza yaliyompata.

Mpwa wake, aliyekuwa akifanya kazi bandarini kule visiwani, alikuwa amekuja kumtafuta. Kuna wageni waliokwenda kwao na pendekezo. Wangeleta chombo chenye kinu cha nyuklia, kifungwe gatini, kiwapatie mji umeme, na baadaye meli ya pili ya namna hiyo iwahudumie kati ya visiwa. Masharti, walisema, ni mepesi. Wakubwa wa kule walitaka kabla ya kukubali wamsikie mtu wao mwenyewe, mtu wa damu yao anayejua injini, na huyo mpwa akawaambia yuko mjomba wake aliyelifikiria jambo hilo umri wake wote. Nauli ilikuwa tayari. Mpwa alikaa siku kadhaa akimbembeleza.

“Kila asubuhi huvaa hivi,” Bi Zena alisema. “Kisha hukaa papo hapo.”

Nikamwuliza mpwa yuko wapi. Injinia akasema ameondoka jana na jibu.

“Alitaka nimwambie kama itakwenda,” alisema. “Nikamwambia itakwenda. Mashine ni njema, nimeiona kwa mato yangu. Kisha nikamwuliza, siku itakaposimama, ni nani atakayeifungua? Akasema wale wageni. Nikamwuliza, na wageni wakiwa wameondoka? Akasema mkataba utawarudisha. Nikamwuliza yale majivu yake ya sumu yatawekwa kisiwa gani. Hapo akarudia habari ya nauli. Nikamwambia, basi jibu langu ni hapana, na uwaambie ni mimi niliyesema.”

Nilimwambia naona amesema kweli. Nilitaka kuliacha hapo. Lakini Injinia hakuwa mtu wa kuliacha jambo kabla hajaligeuza upande wa pili.

“Aliponiaga, mpwa wangu aliniambia meli ya mafuta imechelewa tena,” alisema. “Hospitali imefunga chumba cha upasuaji. Kuna watu wanangoja, Sista, hivi tunavyozungumza. Miaka yote nimewatafutia moto, ukaja mpaka gatini, nami nikaufungia mlango.” Alinitazama. “Wewe ungewaambiaje?”

Bi Zena naye alinitazama, kana kwamba nesi anayo dawa ya hilo.  Nilimwambia kwamba kwanza ale. Bi Zena akaleta wali na samaki wa kupaka, tukanawa, tukasogea.  Injinia alimega tonge dogo, akalitia kinywani, akatafuna polepole, kama mtu anayekula chakula alichoandaliwa mwingine, na mwingine huyo bado anangoja.